Mwaka Ambao Hakuna Aliyesimama

Kiwandani walimwita Darubini. Kazi yake ilikuwa kukagua mashati kabla hayajakunjwa na kutiwa kwenye mifuko, na jina hilo alipewa na wasichana wa mashine kwa sababu shati lenye kasoro likifika mezani kwake halikupita. Alililaza chini ya taa, akapitisha kidole gumba kwenye kola, akageuza mikono nje ndani, kisha akalisukuma pembeni bila kusema neno. Alidai kwamba akiangalia vifungo vilivyoshonwa asubuhi anajua fundi yupi aligombana na mumewe kabla ya kutoka nyumbani. Watu walicheka, lakini hakuna aliyependa kubishana naye.

Nyumbani aliitwa Dada tu. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, na nyuma yake walikuwa wawili: mdogo wake wa kiume, kinyozi mwenye duka dogo karibu na kituo cha mabasi, na mdogo wake wa mwisho, wa kike, muuguzi katika hospitali kubwa. Mama yao alipofariki, nyumba ilibaki kwa Dada na mumewe, na pamoja na nyumba ilibaki Krismasi.

Krismasi ya mama yao ilikuwa na sheria zake. Wote walifika siku ya mkesha. Mapazia yote yalishushwa, yakafuliwa na kupigwa pasi. Wote walivaa kitambaa kimoja, ambacho mama alikichagua mwenyewe na hakikujadiliwa. Na siku yenyewe, baada ya kula, kabla keki haijakatwa, kulikuwa na kusimama. Kila mtu mzima alisimama nyuma ya kiti chake akaeleza mwaka wake: amepata nini, amekosa nini, anaomba nini. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho, na mtu akisema kwa kunong'ona alimwambia neno moja, "Sauti." Dada alirithi yote hayo kama yalivyo. Hata ile "sauti" aliisema kwa mdundo uleule, mpaka mumewe siku moja akageuka kuangalia mlangoni.

Mwaka ninaousimulia, mambo yalianza kumtia shaka kwa sababu yalikwenda vizuri mno.

Kila mwaka kulikuwa na ugomvi wa kitambaa. Muuguzi angesema rangi inamfanya aonekane mgonjwa kuliko wagonjwa wake. Kinyozi angelalamika kwamba fundi atamshonea tena suruali ya kubana. Mwaka huo Dada alituma picha ya kitambaa cha buluu, wote wakajibu, "Kizuri, Dada." Akakaa na simu mkononi muda mrefu. Machale yakamcheza. Kesho yake akaenda dukani, akatafuta kitambaa kibaya kuliko vyote, cha rangi ya chungwa chenye miduara ya kahawia kama madoa ya chai, akakipiga picha na kuwatumia, akisema amebadili mawazo. Muuguzi akajibu, "Kizuri tu." Kinyozi akaweka alama ya dole gumba.

Hapo akajua kuna jambo. Mdogo wake wa mwisho hajawahi kukubali kitu cha ovyo tangu alipoanza kuongea.

Akaanza kuangalia. Mumewe, fundi bomba, mtu wa maneno machache na viatu vyenye tope, alikuwa ameanza kuosha vyombo. Hakuna aliyemwomba. Simu yake, ambayo miaka yote ilikaa juu ya friji kama kitu kisicho na mwenyewe, sasa ilikaa mfukoni, na ikiita alitoka nayo nje. Akiulizwa ni nani, alisema ni mteja. Lakini Dada alimjua akiongea na wateja. Alipiga kelele na kueleza habari za valvu. Sasa alikuwa akisema "ndiyo, ndiyo, najua," kwa sauti ya mtu aliyeko msibani.

Shaka yake ya kwanza ilikuwa ya ugonjwa. Muuguzi alikuwa amempima presha miezi michache nyuma, akaandika kitu, akatabasamu. Sasa lile tabasamu likamrudia. Huenda wameambiwa jambo juu yake na wanamficha. Akajikagua kwenye kioo cha bafuni, akaangalia macho, akaangalia ulimi, akapanda ngazi za kiwandani kwa haraka ili aone kama atahema. Alihema, lakini alikuwa akihema hivyohivyo hata mwaka uliopita.

Shaka ya pili ilimjia kwa nguvu zaidi, kwa sababu ilikuwa na sura. Ilikuwa na sura ya wifi yake, mke wa kinyozi. Huyu aliingia katika familia kwa upole ambao Dada hakuuamini. Aliongea taratibu, alishukuru kupita kiasi, na alipokuja kupika alibeba kisu chake mwenyewe, amekifunga kwenye kitambaa. Mtu anayekuja kwako na kisu chake, Dada alimwambia mumewe, anataka siku moja aje na jiko lake. Sasa aliona yote: wifi ameamua kwamba Krismasi ihamie kwake, amewapanga mmoja mmoja, na yeye Dada ataambiwa dakika ya mwisho, kwa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba apumzike.

Jumamosi alikwenda kwenye duka la kinyozi bila kuaga. Kulikuwa na mteja mmoja kwenye kiti, shuka shingoni, amefumba macho. Dada akaketi kwenye benchi la kusubiria, akamwangalia mdogo wake kupitia kioo. Akamuuliza watafika saa ngapi siku ya mkesha.

"Tutaongea, Dada," kinyozi alisema.

Mashine ikapanda juu ya sikio la mteja kuliko ilivyotakiwa. Mteja akafumbua macho, akajishika. Kinyozi akaanza kusawazisha upande wa pili ili ufanane, na Dada akaona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Katika familia yao watu hawakuongea kuhusu kufika kwenye Krismasi. Walifika tu. Akasimama, akamwambia mteja pole, akatoka.

Kutoka hapo akaenda hospitali. Mdogo wake hakuwepo kazini siku hiyo, na Dada alijua hilo kabla ya kwenda. Alimtafuta mkuu wa wodi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akamsalimia kwa heshima zote, akamwambia anapanga sikukuu na angependa kujua kama mdogo wake atapewa ruhusa. Yule mama akashangaa. Alisema zamu ya Krismasi muuguzi aliiomba mwenyewe, tena mapema, kabla watu wengine hawajaanza kuifikiria.

"Alinisihi," alisema. "Nilidhani mna msiba nyumbani na hataki kuwepo."

Dada alishukuru. Alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa ni mbali, kwa sababu hakutaka kuketi karibu na mtu yeyote.

Alimkuta mumewe jikoni amelala chali, kichwa na mabega ndani ya kabati la sinki, miguu nje. Alikuwa anabadilisha bomba la maji machafu ambalo halikuwa na ubaya wowote. Dada akasimama karibu na miguu yake. Akamwambia ameshatoka dukani, ameshatoka hospitali, na kilichobaki ni yeye.

Spana ikanyamaza. Mumewe angeweza kutoka mle ndani, lakini hakutoka. Aliongea akiwa kulekule gizani, na sauti yake ilipita kwenye bomba ikawa nzito.

Alisema wadogo zake walimfuata kazini, wote wawili, wakamkuta kwenye mtaro. Walimwomba amwambie Dada kwamba hawataki tena. Hawana ugomvi naye, wala hawana mahali pengine pa kwenda. Wamechoka tu. Wamechoka na kitambaa, na kufika siku ya mkesha, na zaidi ya yote wamechoka kusimama. Aliwaambia atamwambia. Kila siku alisema atamwambia kesho, na ndiyo maana alikuwa anaosha vyombo.

"Na wewe?" Dada aliuliza.

Ndani ya kabati kitu kikagongwa kidogo, bila sababu.

"Mimi nimechoka na mapazia," alisema. "Kila mwaka nayashusha, nayapandisha. Yale ya sebuleni yananitoa damu vidoleni."

Alikwenda chumbani, akaketi kitandani na mkoba wake begani. Alikasirika. Miaka yote wamekula mezani kwake, wamevaa alichowachagulia, wamecheka, wamepiga picha, kumbe nyuso zile zilikuwa za kuazima. Lakini hata ndani ya hasira, jicho lake la kazini halikulala. Wazo kama hili, alijiambia, haliwezi kuwa la kinyozi. Kinyozi hajawahi kuwa na wazo akakaa nalo zaidi ya wiki. Muuguzi anaogopa kumkera hata paka. Kuna mtu amewatia maneno.

Jumapili mchana akaenda kumkabili wifi. Mumewe alitaka kumsindikiza, akakataliwa. Wifi alikuwa peke yake, anapiga pasi nguo za watoto, na alipomwona mlangoni alizima pasi haraka kama mtu anayejua kwamba maongezi yatakuwa marefu. Dada hakuzunguka. Alimwambia anajua kila kitu, na angependa kusikia kutoka kwake kwa nini ameamua kuwavunjia watu mkusanyiko ulioachwa na marehemu.

Wifi alimwangalia, mdomo wazi kidogo. Halafu akaketi juu ya rundo la nguo zilizokwishanyooshwa, akazikunja zote upya kwa makalio yake, na hakuonekana kujali.

"Wifi, mimi ndiye niliyekataa," alisema. "Waulize. Nililia mpaka mume wangu akatoka nje."

Akaeleza. Alilelewa na shangazi, kisha na rafiki wa shangazi, kisha kwa watu ambao hata undugu wao hakuujua sawasawa. Katika nyumba zote hizo sikukuu ilimkuta jikoni au njiani. Mtu wa kwanza kumwambia asimame aeleze mwaka wake alikuwa marehemu mama mkwe, mwaka ule alipoolewa. Hakujua aseme nini. Alisema amejifunza kushona vifungo, na meza nzima ikapiga makofi. "Nyinyi mna watu wengi mpaka mnachoka," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja zamu yangu tangu Januari."

Dada alilisikiliza neno hilo kama anavyosikiliza mashine yenye hitilafu. Akaligeuza nje ndani. Akatafuta mahali uzi ulipolegea. Hakuona. Bado hakuamini, ila hakuwa tena na la kushika.

Ndipo wifi, kwa sauti ileile ya taratibu, akasema jambo ambalo Dada hakulitegemea. Alisema hata hivyo, mwisho alikubaliana nao, kwa sababu ya mume wake. Kila Desemba kinyozi anaacha kulala. Anatembea sebuleni akitafuta cha kusema. Mwaka uliopita duka lilikuwa limekwama kabisa, mashine mbili zimekufa, wateja wamehamia kwa yule wa ng'ambo ya barabara mwenye viti vya kuzunguka.

"Akasimama pale kwako akasema biashara imepanuka. Wewe ukamwambia, sauti. Akairudia."

Dada alikumbuka. Alikumbuka shati la kinyozi, alikumbuka jinsi alivyoshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, na jinsi yeye mwenyewe alivyofurahi na kumwongezea nyama. Yeye Darubini, anayejua fundi yupi aligombana na mumewe kwa kuangalia kifungo, alikaa mbele ya mdogo wake wa damu akapitisha uongo ule kama bidhaa safi. Aliomba maji. Wifi akampa, Dada akayanywa yote, akaondoka.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ya chakula kiwandani, aliwaandikia wote ujumbe: mwaka huu hatukutani, kila mtu akae kwake, hakuna kitambaa. Akaufuta mara kadhaa kabla ya kuutuma.

Sasa ikawa zamu yao kushuku. Kinyozi alipiga simu dakika hiyohiyo kuuliza kama amekasirika, na alipojibiwa hapana, akampigia shemeji yake kuuliza kama Dada ana hasira za kimyakimya. Muuguzi alikuja jioni na mashine ya presha kwenye mkoba, akijifanya alikuwa anapita. Jirani, ambaye kila mwaka aliona mapazia yakianikwa uani, aliuliza kwa tahadhari kama wanahama. Hata mumewe alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho alipokuwa anakunywa chai, kana kwamba kuna kitu kitalipuka.

Siku ya Krismasi aliamka jua likiwa limeshafika kwenye kabati. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alilala mpaka jua likafika hapo. Mapazia yalikuwa na vumbi lake. Mumewe alikuwa ameketi jikoni na kandambili, anakula mkate na mayai, na alipomwona alisimama haraka kama aliyefumaniwa. Dada akamwambia aketi. Wakala. Hakukuwa na kitu cha kukimbilia, na hilo lenyewe lilimkera, kwa sababu mwili wake ulikuwa umetulia kuliko alivyoupa ruhusa. Akajichunguza: huenda ni homa. Huenda ni huzuni inayojificha. Mtu hawezi kuachiwa kazi ya mama yake, aitupe, halafu aamke anajisikia vizuri. Alijishuku mwenyewe kama alivyowahi kumshuku wifi.

Kisha wazo lingine likamjia akiwa anaosha kikombe. Itakuwaje kama wote wamekusanyika mahali, sasa hivi, bila yeye?

Akamwambia mumewe watoke wakanyooshe miguu. Mumewe hakuuliza kwa nini kunyoosha miguu kuna njia moja tu, inayopita kwa kinyozi. Walipofika mlangoni, Dada aliangalia viatu kwanza. Vilikuwa vya wenye nyumba tu. Akavuta pumzi, hakukuwa na harufu ya mapishi makubwa. Wifi alifungua akiwa amesuka nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama. Kinyozi alikuwa amelala kwenye kochi, mdomo wazi, televisheni inaongea peke yake, watoto wamejenga nyumba kwa mito miguuni pake. Alikuwa analala kama mtu anayelipwa. Wifi akataka kumwamsha, Dada akamzuia kwa mkono. Akamwangalia kidogo. Akaona mvi karibu na sikio, ambazo kinyozi huyu hakuzinyoa wala kuzipaka rangi.

Hospitali nako alikwenda. Alimwacha mumewe kwenye benchi nje, akapanda mpaka wodini, na mdogo wake alikuwepo kweli, anasukuma kigari cha dawa. Muuguzi alimpeleka kwenye chumba chao kidogo cha chai, chenye viti viwili visivyofanana na kalenda ya mwaka uliokwisha, na wakakaa magoti yakigusana kwa sababu hakukuwa na nafasi.

Muuguzi alikoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka.

"Dada, sitaki tena kuomba mtoto mbele ya watu," alisema mwishowe.



Muuguzi akamweleza kwamba yeye na mumewe waliacha kutafuta mtoto zamani. Walikwenda kwa madaktari, wakaambiwa, wakalia, wakaacha. Sasa wanaishi vizuri, wana utaratibu wao, Jumapili wanalala mchana. Lakini kila Krismasi alisimama nyuma ya kiti akaomba mtoto, kwa sababu meza nzima ilikuwa inamngoja aombe, na usiposema unachongojewa utaulizwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje nimesimama?"

Kengele ya mgonjwa ikalia. Muuguzi akaondoka na kurudi, akaondoka tena, na katikati ya kuondoka na kurudi alimsimulia mambo mengine mengi, madogo madogo, ya mkuu wa wodi anayesinzia na miwani usoni, ya goti linalomsumbua, ya mume wake aliyeanza kupika. Dada alisikiliza yote. Mara moja tu alijiuliza kama mdogo wake anampa habari hizi ili asiulize nyingine, akaamua kuliacha hilo lipite.

Waliporudi nyumbani mumewe hakuuliza. Walipasha moto chakula cha jana.

Mwezi wa pili, Alhamisi moja, siku ya kazi, kinyozi akaja. Hakupiga simu. Dada alikuwa amerudi kutoka kiwandani mapema kwa sababu umeme ulikatika, akamkuta uani na mashine yake, anamnyoa shemeji yake chini ya dirisha la jikoni. Akaingia ndani, akaanza kumenya viazi, na sikio akaliacha dirishani. Akamsikia mdogo wake akisema, huku mashine inanguruma, kwamba nusu ya duka amempangisha fundi viatu, kwamba anaona aibu kidogo, kwamba huenda mwaka huu akaenda kufanya kazi kwenye duka la yule wa ng'ambo mwenye viti vya kuzunguka, na kwamba viti vile, kusema kweli, ni vizuri sana kwa mgongo. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, na mumewe alijibu "mm" na "upande huu bado."

Kinyozi alikula viazi nao. Alicheka kuhusu nywele za shemeji yake. Dada alingoja sababu ya ujio huo. Alingoja wakati wa chai, akangoja alipokuwa anafunga viatu, akamsindikiza mpaka njiani akingoja. Kinyozi alimuaga, akavuka barabara, akapotea kwenye kona.

Dada akarudi ndani na kuangalia kwenye kiti alichokalia, kama ameacha bahasha au kitu.

"Alikuwa anataka nini?" alimuuliza mumewe.

"Hakutaka kitu."

"Mtu hawezi kuja mpaka huku kwa kutotaka kitu."

Mumewe alikuwa anajipangusa nywele shingoni kwa taulo. Alisema labda alikuwa anapita tu. Dada alikwenda tena dirishani, akaiangalia ile kona kwa muda, halafu akasema kama ni hivyo, basi Alhamisi ijayo atapika viazi vingi zaidi, aone kama atapita tena.